Saiti Mira Ikigoma, Usikimbilie Gerezani

Kioo cha pembeni kikiacha kusogea kwa swichi, dereva wa Dar es Salaam huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kushusha dirisha, kutoa mkono na kukisukuma kioo kwa vidole mpaka kikae anapotaka. Kwa kile cha kushoto humwomba abiria. Ya pili, akishachoka, ni kwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani kununua saiti mira nyingine nzima, ya mtumba iliyotoka Japani, kisha kumpa fundi aifunge. Fundi anafunga, anageuza ufunguo, anabonyeza, na kioo kipya nacho kimya. Hapo lawama zinaanza kugawanywa: muuzaji kauza kibovu, fundi si fundi, gari lina mkosi.

Mara nyingi wote hao wanasingiziwa. Kioo kilichotolewa kilikuwa kizima, kilichofungwa ni kizima, na hitilafu bado iko palepale ilipokuwa tangu mwanzo, ndani ya mlango au chini ya dashibodi, kwenye kitu ambacho bei yake haifiki sahani ya chipsi. Nimekaa kwenye mabenchi ya gereji za kutosha kusema kwamba katika umeme wa gari, pesa nyingi hupotea kwa kununua spea kabla ya kupima. Saiti mira ni mahali pazuri pa kuanza kujifunza kupima, kwa sababu umeme wake ni mdogo, njia yake ni fupi, na hata mtu asiye fundi anaweza kuifuata mwenyewe Jumamosi asubuhi akiwa na multimita ya bei rahisi.

Kwanza tujue mali hii imetufikiaje. Hadi mwaka 1983 magari yaliyouzwa ndani ya Japani yalilazimika kuwa na vioo mbele kabisa, juu ya fenda. Tazama picha za Toyota Crown na Nissan Cedric za zamani utaviona vimesimama kama masikio. Mwaka huo sheria ililegezwa, vioo vikahamia milangoni, na mwaka uliofuata Nissan ikatoa Laurel yenye vioo vya mlangoni vinavyojikunja kwa umeme, ya kwanza duniani. Japani maegesho ni finyu na vichochoro vya mitaa ya makazi ni vyembamba, hivyo kioo cha kujikunja kikawa jambo la kawaida hata kwenye gari dogo la familia. Na kwa kuwa magari hayohayo ndiyo yanayoshushwa bandarini kwetu yakiwa yameshatumika, leo mwenye Toyota IST anamiliki mota kadhaa, swichi na nyaya ambazo hakuziomba, na ambazo umri wake umeshakuwa mkubwa.

Ukitoa kioo chenyewe utakuta nyuma yake kiboksi cheusi cha plastiki chenye mota mbili ndogo. Moja inakiinua na kukiinamisha kioo, ya pili inakipeleka kulia na kushoto. Mota ya tatu, kama ipo, imekaa chini kwenye shina la saiti mira na kazi yake ni kukunja tu. Zote zinatumia volti 12 za betri, na zina tabia moja ambayo uchunguzi wote unaitegemea: ukibadilisha chanya na hasi, mota inazunguka kinyume. Swichi iliyoko mlangoni au kwenye dashibodi haifanyi muujiza wowote. Ukibonyeza juu, inapeleka chanya kwenye waya huu na hasi kwenye ule. Ukibonyeza chini, inavibadilishana.

Mota mbili zingehitaji nyaya nne, lakini watengenezaji wengi hutumia tatu: mmoja wa juu na chini, mmoja wa kulia na kushoto, na wa tatu wa pamoja. Katika michoro ya Toyota utauona huo wa kwanza umeandikwa MV, wa pili MH na wa pamoja M+. Kukunja kuna nyaya zake mbili. Ndiyo maana muuza spea anayejua kazi yake atakuuliza kama saiti mira yako ni ya pini 3, 5 au 7. Tatu ni za kusogeza peke yake, tano ni pamoja na kukunja, na saba kwa kawaida ina taa ya indiketa ndani yake.

Maswali kabla ya bisibisi

Kabla ya yote, hakikisha ufunguo umegeuzwa, kwa sababu kwenye magari mengi vioo havipati umeme gari likiwa limezimwa, na hakikisha kile kidude cha kuchagua kioo cha kulia au kushoto hakijakaa katikati. Katikati maana yake ni kwamba hujachagua chochote. Utacheka, lakini kuna milango iliyofunguliwa mpaka ndani kwa sababu hiyo.

Kisha jiulize kama kilichogoma ni kioo kimoja au vyote viwili. Mota zilizo katika milango miwili tofauti haziwezi kukubaliana kufa siku moja. Vikigoma vyote, tafuta mahali wanapokula chungu kimoja: fyuzi, swichi, waya unaoleta umeme kwenye swichi au ule unaoupeleka kwenye bodi, yaani erthi. Kikigoma kimoja tu na cha pili kinafanya kazi vizuri, sahau fyuzi. Umeme unafika kwenye swichi, kwa hiyo kinachotafutwa kiko kuanzia swichi hiyo hadi kioo chenyewe.

Baada ya hapo angalia kinagoma namna gani. Kama kioo hakisogei kabisa, si juu wala kulia, mtuhumiwa wa kwanza ni waya wa pamoja, au plagi yake imechomoka. Kama kinakwenda kulia na kushoto lakini hakiinuki wala hakishuki, basi waya wa pamoja ni mzima, na shida ni mota ya juu na chini, waya wake, au mguso wake ndani ya swichi. Halafu kuna dalili moja ambayo mafundi wengi wanaipita bila kuisikiliza: kioo kinapanda, lakini hakishuki. Hapo mota haina kosa. Mota ileile iliyokipandisha ndiyo inayotakiwa kukishusha, na nyaya zilezile mbili ndizo zinazobeba umeme wa pande zote mbili. Kilichobadilika ni mahali pamoja tu, ndani ya swichi, ambako chanya na hasi hubadilishana. Ukiona dalili hiyo na fundi anaanza kung'oa kava la mlango wa abiria, mwombe kwa heshima aanze na swichi.

Sikio nalo linatumika. Litege karibu na kioo mwenzako akibonyeza. Ukisikia mota inalia lakini kioo hakiendi, umeme umefika na umemaliza kazi yake. Kilichokufa ni meno ya nailoni ya gia, au kioo kimechomoka kwenye vishikizo vyake. Hilo halitengenezwi kwa multimita. Ukisikia kimya kabisa, endelea kufuata umeme.

Chaja ya simu na vioo

Fyuzi ndiyo hatua ya kwanza vioo vyote vinapogoma, na hapa kuna jambo ambalo wenye Toyota wangefaa kulijua. Katika baadhi ya Corolla na ndugu zake, umeme wa vioo unatoka kwenye fyuzi ileile ya tundu la kuwashia sigara. Siku hizi hakuna anayewasha sigara pale. Watu wanachomeka chaja za simu, nyingine zikiwa zimenunuliwa dirishani kwenye foleni. Chaja mbovu ikipiga shoti, au sarafu ikitumbukia humo tunduni, fyuzi inakatika. Dereva anaona chaja haichaji, anadhani chaja ndiyo imekufa, ananunua nyingine. Wiki mbili baadaye anagundua vioo navyo havisogei, na haunganishi mambo hayo mawili.

Kwa hiyo kabla hujafungua chochote, jaribu tundu la chaja, redio na saa. Kama na vyenyewe vimelala, fungua boksi la fyuzi, kwa kawaida liko chini ya dashibodi upande wa dereva, na usome mfuniko wake. Usitegemee macho peke yake kutambua fyuzi iliyokatika. Waya wake mwembamba huweza kukatika mahali usipopaona. Ichomoe, weka multimita kwenye alama ya sauti, gusa miguu yote miwili, isipolia ni mbovu. Weka nyingine ya kiwango kilekile. Rangi zinasaidia: kahawia ni ampia 7.5, nyekundu 10, bluu 15. Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, mahali fulani waya unagusa bodi, na kuweka fyuzi kubwa zaidi au kuzungushia waya wa shaba kunahamishia moto kwenye nyaya za gari. Nimeona magari yenye uzi wa shaba mahali pa fyuzi, na wenyewe wanajivunia kwamba "haikatiki tena".

Swichi huchunguzwa kwa njia rahisi. Kwenye magari mengi inachomoka kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze plastiki. Ikiwa bado imechomekwa kwenye plagi yake, washa ufunguo, gusa waya wa umeme kwa ncha nyekundu ya multimita na bodi kwa ncha nyeusi: unatakiwa kuona volti 12 na kitu. Kisha hamisha ncha hizo kwenye waya wa pamoja na ule wa juu na chini wa kioo ulichokichagua, na ubonyeze. Ukibonyeza juu usome labda 12, ukibonyeza chini usome 12 yenye alama ya kutoa mbele yake. Ukipata zote mbili, swichi imeshafanya wajibu wake. Ukipata moja tu, umeshampata mgonjwa. Mara nyingi kilichomo ndani ni vumbi na uchafu mweusi kwenye miguso ya shaba, na miguso ya upande unaotumika sana ndiyo hutangulia. Kusafisha kwa dawa ya kupulizia ya umeme huirudisha, ingawa kwa swichi iliyoungua plastiki hakuna ujanja.

Mpira wa mlangoni

Tukija kwenye nyaya, ndipo penye kazi yenyewe. Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye bawaba. Utaona mpira mweusi wenye mikunjo unaotoka kwenye nguzo ya bodi na kuingia mlangoni. Ndani yake zinapita nyaya zote za mlango: za kioo cha dirisha, za loki, za spika na za saiti mira. Kila mlango unapofunguliwa nyaya hizo zinajinyoosha, unapofungwa zinajikunja. Gari lililotumika miaka minane Japani na mingine kumi hapa limeshafungua mlango wa dereva mara zisizohesabika. Shaba inachoka. Na ubaya wake ni kwamba ganda la plastiki la nje ni laini kuliko shaba, hivyo linabaki zima wakati shaba ya ndani imeshakatika. Macho hayaoni kitu.

Katika gereji moja ya Tabata, chini ya mwarobaini, mama mmoja alileta Toyota Spacio ambayo saiti mira yake ya kulia ilikuwa mara inafanya kazi, mara inagoma. Alikuwa ameshabadilishiwa kioo kizima kwingine na hali ikabaki ileile. Fundi, mtu mzima anayefanya umeme peke yake na hagusi injini, hakuchukua hata spana.

"Mama, samahani, naomba ukae kwenye siti, ubonyeze juu na chini bila kuachia," alisema.

Yeye akashika mlango, akaanza kuufunga polepole, kidogo kidogo, huku akikitazama kioo. Mlango ukiwa wazi kabisa kioo kilisogea. Ulipofika nusu kikatetemeka. Ulipokaribia kufungwa kikasimama.

"Hata mimi nilishaona hivyo, fundi, ila nilidhani ni bahati mbaya," mama alisema.

"Ndiyo dalili yenyewe hiyo, mama. Ungewaambia wale wa kwanza wasingekuuzia kioo."

Akauchomoa mpira kwenye nguzo, akaurudisha nyuma kama mkono wa shati, na nyaya zikatokea. Akashika waya mmoja mmoja kwa vidole viwili na kuuvuta taratibu. Nyaya nyingi zilikuwa ngumu vidoleni. Mmoja ulinyumbuka, ukarefuka kidogo na kurudi. Waya wenye shaba haunyumbuki. Unaonyumbuka umebaki ganda tupu. Akaupasua kwa wembe na pale pale ndani shaba ilikuwa imegeuka ncha mbili zilizokwisha kuachana, nyeusi.

Kilichofuata ndicho kinachotenganisha fundi na mtu mwenye tepu. Hakuunganisha pale penye mkunjo. Alikata waya mbele kidogo upande wa mlangoni na nyuma kidogo upande wa nguzo, akaweka kipande kipya kirefu cha waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, akauchoma kwa risasi pande zote mbili na kuuvalisha mrija unaonywea kwa joto. Viungo vyote viwili vikakaa mahali pasipokunjwa. Risasi inaufanya waya kuwa mgumu, na kiungo kigumu kikiwekwa kwenye mkunjo hukatika tena pembeni yake baada ya miezi michache. Kisha akavuta na nyaya nyingine zote, kwa sababu mmoja ukishakatika wenzake hawako mbali. Kweli, wa loki ulikuwa umebakiza nyuzi kadhaa tu.

Hizo nyuzi kadhaa zina mtego wake, na ni vizuri kuusema. Waya uliobakiza uzi mmoja bado utaonyesha volti 12 kamili ukiupima na multimita, kwa sababu multimita haivuti umeme wowote wa maana. Mota ikiunganishwa, ule uzi mmoja unashindwa na volti zinaporomoka. Kwa hiyo pima mota ikiwa imeunganishwa na mtu amebonyeza swichi. Au tumia testa ya taa, ambayo inavuta umeme kiasi na itawaka kwa ulegevu mahali ambapo multimita ingekudanganya. Ila testa hiyo isiguse kabisa nyaya zenye plagi za njano. Hizo ni za mifuko ya hewa ya usalama, na hazichezewi.

Maji, chumvi na wezi

Mota yenyewe, kwa haki, hufa mara chache, na ikifa mara nyingi imeuawa na maji. Kava la saiti mira halikuundwa lisiingize maji kabisa. Limeundwa liyatoe kupitia vitundu vya chini. Vikiziba kwa vumbi la barabarani, kila mvua na kila mashine ya kuoshea gari inaacha maji humo. Kwa wakazi wa Pwani, kutoka Tanga hadi Mtwara na visiwani Zanzibar, hewa ya chumvi inamalizia. Ukichomoa plagi na kukuta ungaunga wa kijani kwenye pini, shaba inaliwa. Kusugua kwa mswaki wa zamani na dawa ya umeme kunatosha ukiwahi.

Na kuna maji yanayosababishwa na sisi wenyewe. Nyuma ya kava la ndani la mlango kiwandani hubandikwa karatasi ya plastiki inayozuia maji yanayoteremka kwenye kioo cha dirisha yasiingie upande wa nyaya. Siku dirisha linapotengenezwa, karatasi hiyo inachanwa na kutupwa, na hakuna anayeuliza. Mwaka unaofuata plagi ya saiti mira na spika zinaanza kuoza. Ukimwona fundi anaichana, mwambie airudishe, hata kwa gundi mpya na plastiki ya kufungia magodoro.

Kupima mota si kazi. Plastiki yenye umbo la pembetatu kwenye kona ya ndani ya dirisha inachomoka kwa mkono, na nyuma yake kuna plagi na, kwa Toyota nyingi, nati tatu za spana namba 10 zinazoshikilia saiti mira nzima. Chomoa plagi, chukua nyaya mbili kutoka kwenye betri ya volti 12 zikiwa na fyuzi katikati, gusa pini ya pamoja na ya juu-chini, kisha geuza. Kioo kikipanda na kushuka, mota ni nzima na kelele zote za kununua nyingine zimekwisha.

Wezi wa saiti mira wamewaletea mafundi umeme kazi ya aina yake. Watu wanachora namba za gari kwenye vioo na taa, lakini vioo bado vinang'olewa kwenye foleni na kwenye maegesho, na anayeng'oa hafungui plagi, anakata nyaya. Mwenye gari ananunua saiti mira nyingine, labda kutoka toleo jingine, na rangi za nyaya hazifanani. Fundi anaunganisha kwa kubahatisha. Ukibonyeza juu na kioo kikashuka, au ukibonyeza kulia kikapanda, nyaya zimebadilishana tu na ni kazi ya dakika kumi. Kichekesho ni pale waya wa pamoja unapowekwa mahali pa mwingine: ukibonyeza upande mmoja kioo kinatii kinyumenyume, ukibonyeza mwingine kinakwenda mshazari, tena kwa uvivu, kwa sababu mota zote mbili zinagawana umeme mmoja. Watu huhukumu kwamba kioo ni kibovu. Ni kizima kabisa.

Kukunja kuna matatizo yake, na mengi si ya umeme. Bodaboda akikipiga kioo kikapinda kwa nguvu, meno ya gia ya kukunjia yanahama mahali pake. Ukibonyeza utasikia kra-kra-kra. Mara nyingine kukirudisha kwa mkono mpaka kisikike kikijibana kunatosha. Kama kimya ni cha pande zote mbili, rudi kwenye swichi ya kukunja, ambayo si ile ya kusogeza. Vile vifaa vya kuongeza vinavyokunja vioo gari likifungwa loki viangaliwe kwanza, kwa kuwa vimeunganishwa kwa kuchubua nyaya za gari na tepu yake huachia kwenye joto letu. Kipasha joto cha kuondoa ukungu kwenye kioo wengi wa Dar hawajui kama wanacho. Wa Njombe na Makete wanajua. Kwenye magari mengi huwaka pamoja na cha kioo cha nyuma, hivyo kikigoma jaribu hicho cha nyuma kwanza.

Haya yote yanahusu magari ambayo swichi inapeleka umeme moja kwa moja kwenye mota. Mercedes-Benz, BMW, Volkswagen na magari mengi mapya ya bei kubwa yana kompyuta ndogo ndani ya mlango. Swichi inatuma ujumbe, kompyuta ndiyo inayosukuma mota. Hapo kuchoma nyaya kwa testa ya taa kunaweza kuua kitu cha bei kubwa kuliko vioo vyote viwili, na mahali pa kuanzia ni mashine ya kusoma hitilafu. Hata hivyo mashine ikikuandikia kwamba mota ya kioo cha kulia haina mawasiliano, haijakuambia kwamba mota imekufa. Imekuambia haiioni. Mpira wa mlangoni uko kwenye BMW vilevile.

Ikitokea umepima kila kitu na kweli ni mota, basi nenda Gerezani bila kinyongo. Beba kioo chako cha zamani mkononi, hesabu pini, linganisha umbo la plagi, na usinunue kwa kutazama rangi ya kava. Mwombe muuzaji aiguse saiti mira hiyo na betri mbele yako, juu, chini, kulia, kushoto na kukunja, kabla hujatoa hela. Wauzaji wanaojiamini wana betri ya kupimia hapo dukani. Asiyetaka kupima, mshukuru, na uhamie duka linalofuata.